Kamio Iliyokataa Asubuhi za Kabambare

Gari ikikataa kuwaka, kwanza nyamaza. Ninyi vijana wa garaji za leo, gari ikikataa tu munaanza maneno. Mumoja anasema ni batri, mwingine anasema ni buji, wa tatu bado hajafika karibu lakini tayari anaomba nyundo. Nimefanya kazi ya magari kati ya Kasongo na Kabambare tangu wakati wa Wabeleji, wakati injini ilikuwa inaamshwa kwa nguvu za mukono, na sijaona hata gari moja iliyoponywa na nyundo. Nimeona nyingi zilizouawa nayo.

Mimi si mutu wa shule. Nilikaa miaka miwili kwa misioni, wakanifundisha kuandika jina langu na kuimba nyimbo za Noeli, basi. Baba yangu alikuwa mufua majembe upande wa Lusangi. Nilianza na mivukuto yake, nikaenda kwenye kinga, ndiyo baiskeli, halafu kwenye kamio, ndiyo malori, za pamba. Hakuna mutu aliyenipa cheti. Nilifungua, nikavunja, nikatengeneza nilichovunja, na mwisho wazungu wenyewe walikuwa wanatuma mutu mbio kunitafuta. Ninayasema hayo bila haya. Na haya ninayotaka kuwaeleza leo nitayasema bila haya vilevile, ingawa hayanipendezi.

Aliyenifundisha kusikiliza injini hakuwa fundi, alikuwa dereva: Yaya Ramazani, mutu wa Kasongo, wa zile familia za zamani za Waislamu. Kanzu yake ilikuwa nyeupe hata siku ya kubeba pamba. Nilimwita yaya kwa sababu alikuwa mukubwa wangu kwa umri na kwa akili. Yeye aliniita Fundi Kinga, kunikumbusha nilikotoka. Siku moja nilikuwa nimefungua nusu ya injini, vyuma vimejaa juu ya turubai, akaja akaangalia.

"Fundi Kinga, unatafuta nini humo ndani?"

"Ugonjwa, Yaya."

"Umeiuliza gari inaumwa saa ngapi?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa madereva. Lingekuwa swali la kuandika mukononi kwa wino, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana fundi.

Tuseme kazi kwanza. Injini ya esanse, ndiyo petroli, inaomba vitu vitatu: moto, esanse yenyewe, na pumzi. Moto unautafuta hivi: unatoa buji, ile plagi ya cheche, unailaza juu ya chuma cha injini na waya wake ukiwa umeshikwa, mutu mwingine anazungusha, wewe unaangalia. Cheche ya buluu, vizuri. Cheche nyekundu, moto ni mugonjwa. Hakuna cheche, fuata waya polepole mpaka kwenye manyeto, ile mashine inayozaa moto.

Esanse, unafungua bomba linaloingia kwenye karbirateri, unaona kama inashuka. Mahali pengine gari zinakufa kwa muchanga. Kwetu zilikuwa zinakufa kwa pamba. Vifuniko vya matangi vilikuwa vinapotea, na dereva aliyekalia magunia ya pamba atatafuta kifuniko kwa nani? Anachota pamba kiganja kimoja, anaziba tangi, anaendelea. Nyuzi zinashuka pamoja na esanse mpaka kwenye kale katundu kadogo ndani ya karbirateri, kamio inakufa katikati ya mulima, na dereva anaapa hajagusa kitu. Nilikuwa ninazitoa kwa kupuliza, na zikikataa, kwa kijiti chembamba cha mufagio wa muchikichi. Usitie waya. Waya unapanua katundu, na tangu siku hiyo gari itakunywa esanse kama mulevi.

Pumzi ndiyo rahisi. Ziba tundu la buji kwa kidole, injini izungushwe. Pumzi ikisukuma kidole chako mpaka kitoke, hapo pazima.

Na kuhusu manivela, ninyi wa ufunguo hamuijui. Ni chuma kilichopindwa mara mbili, unakiingiza mbele ya injini na kuizungusha mpaka iwake. Kidole gumba kinakaa upande mumoja na vingine. Usikumbatie chuma. Injini inaweza kurudi nyuma kwa gafla, na ikirudi inachukua kile ilichokuta. Siku moja kule Nyangwe ilinichukua kifundo cha mukono. Musimu muzima nilikula kwa kushoto, na bibi yangu, ndiyo mke wangu, akawa ananiwekea bukari, ule ugali wetu, upande ule kama kwa mutoto, mbele ya wageni, kusudi wacheke.

Baada ya hapo niliacha kushika manivela. Nilisema: mimi ni fundi, kuna watu wa kazi hiyo. Huko ndiko kosa lilikoanzia.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya wazungu. Kila kitu kilikuwa haba. Batri ya kamio yetu ilikuwa imekufa zamani, nyingine haikuja, kwa hiyo ilikuwa manivela kila siku. Pamba tulikuwa tunaibeba kutoka posti moja ya kununulia, juu ya kilima karibu na Kabambare, mpaka magazini, ndiyo ghala, ya Kasongo. Posti ilikuwa chini ya muzungu mumoja ambaye watu walimwita Bwana Mbio-Mbio, kwa sababu neno hilo ndilo alilolijua vizuri katika Kiswahili.

Kamio ilikuwa na tabia. Kasongo inawaka. Nyangwe inawaka. Ikilala Kabambare, asubuhi haiwaki. Watu wanavuta mpaka mikono inatoka malengelenge, hakuna. Jua likipanda sana, inawaka kama si yeye. Lakini hapo siku imekwisha nusu, na kushuka na mizigo kwa njia ile gizani hakuruhusiwi, kwa hiyo inalala tena. Na watu wote walijua bibi mudogo wa Yaya Ramazani, mke wake wa pili, Mama Zaina, nyumba yake iko Kabambare.

Munaona shimo linavyochimbika.

Juma moja la kiangazi kamio ilikataa siku tatu. Wakulima walikuwa wamefika na pamba yao kichwani kutoka vijiji vya mbali, magazini imejaa, magunia yamepangwa inje. Bwana Mbio-Mbio alikuwa mwekundu. Alimwita Ramazani mbele ya watu.

"Gari iko inalala kila siku kwa bibi yako. Wewe iko naharibisha gari."

"Bwana, gari ilale kwa bibi yangu, mimi ninalala wapi? Ndani ya nyumba hakuna nafasi ya wote wawili."

Watu walicheka. Hilo lilimumaliza Ramazani. Bwana akaamuru afungiwe ndani ya chumba cha nyuma cha magazini, akaandika barua kwa teritware, muzungu mukubwa wa serikali kule Kasongo. Ilikuwa inasema dereva anaharibu gari kwa makusudi wakati wa vita. Kwa neno hilo, siku zile, ilikuwa kiboko na gereza, na mutu anaweza kutoka akiwa si mutu tena. Polisi wa posti angemupeleka Kasongo kwa miguu siku ya Ijumaa, amefungwa kamba.

Mimi nilikuwa nimekuja na kamio safari ile, kwa sababu ya ugonjwa wake. Nikasimama mbele ya Bwana.

"Bwana, nipe mpaka Ijumaa. Ikiwaka asubuhi, barua isiende."

"Ijumaa asubuhi," akasema. "Mbio-mbio."

Ilikuwa Jumatano. Nikaanza na moto. Wazungushaji walikuwa wanne, kiongozi wao Mulonda, mutu mufupi mwenye shingo kama ya nyati. Mulonda alikuwa anaelekeza manivela, wengine watatu wanavuta kamba iliyofungwa kwenye mukono wake, na wote wanaimba. Nikaweka buji juu ya chuma. Cheche ikatoka, nyekundu, nyembamba. Nikasema: haya, ni manyeto. Nikaitoa, nikaifungua, nikaisugua, nikaikausha, nikairudisha. Jua lilikuwa limeshapanda. Wakavuta, cheche ya buluu, kamio ikawaka mara moja. Nilijifuta mikono polepole, namna fundi anavyojifuta watu wakimwangalia.

Alhamisi asubuhi, imekufa.

Hapo Mulonda na wenzake walikuwa wanaimba, na wimbo ulikuwa wa kunichoma. Waliimba kwa Kibangubangu, lugha yangu, kusudi niusikie vizuri. Kwa Kiswahili ulikuwa hivi:

Asubuhi ni jiwe, yee,
Muchana ni kikapu.
Fundi anaangalia moto, yee,
Sisi tunabeba jiwe.

Nikasimama. "Mulonda, unamucheka nani?"

"Hatucheki mutu, Fundi. Tunavuta."

"Munavuta kama watu wasiokula. Ndiyo maana haiwaki."

"Basi njoo wewe uliyekula."

Wenzake wakaacha kamba, wakacheka mpaka wakashika magoti. Ile hasira! Nilimusukuma Mulonda, nikashika manivela kwa mikono miwili, kidole gumba upande mumoja na vingine, nikavuta.

Haikuzunguka.

Nikavuta tena na uzito wa mwili wote. Ikaja robo, polepole, kama kukoroga bukari ya watu hamsini. Nikaiacha. Nikatoa buji zote, pumzi isinizuie, nikavuta tena. Nzito vilevile. Hapo nikajua kwamba tangu jana watu wanne walikuwa wananiambia ugonjwa, tena kwa sauti, tena kwa lugha ya mama yangu, na mimi nilidhani ni kejeli. Ilikuwa kejeli, kweli. Na ilikuwa habari.

Fikirieni kidogo. Manyeto inazaa moto kwa kuzungushwa. Ukiizungusha polepole inazaa moto mugonjwa. Kwa hiyo cheche nyekundu haikuwa ugonjwa, ilikuwa dalili ya injini kuwa nzito. Na kwa nini nzito asubuhi tu, na Kabambare tu?

Nikalala chini ya kamio, nikafungua kizibo cha mafuta ya injini. Niliweka uso pembeni, mafuta yasiniangukie. Hakuna kilichoanguka. Nikaingiza kijiti. Yakaanza kuja, polepole, kama uji uliolala, rangi ya manjano chafu.

Nikayanusa. Niliyajua mafuta yale. Nilikuwa nimeyatia mimi.

Nilisema kila kitu kilikuwa haba. Mafuta ya injini ya wazungu yalipopungua Kasongo, fundi mumoja wa mashua za Lualaba alinong'oneza kwamba yeye anatia mawese safi, yaliyochujwa, kwenye vyuma vyake. Nami nikajaribu: kidogo, nikaona hakuna kitu, nikaongeza, mwisho nikatia nusu kwa nusu. Kasongo kuna joto. Injini ilinyamaza kama mutoto aliyeshiba. Wakanisifu. Waliponiuliza nimefanya nini, nilisema ni siri ya kazi. Hata Yaya Ramazani sikumwambia. Yeye aliniambia tu, "Fundi Kinga, kamio yako inanukia ndizi za kukaanga, inanipa njaa njiani." Nami nikacheka kama mutu mwenye akili. Sikufikiria kwamba Kabambare ni juu, kwamba asubuhi za kiangazi kule zinakuja na ukungu na baridi, na kwamba kila mama mwenye chupa ya mawese anajua inavyoganda hata kama hajawahi kupanda gari.

Sasa sikilizeni ubaya niliofanya, maana yale mengine yalikuwa ujinga tu. Nilitoka chini ya kamio, Mulonda akauliza, "Umeona nini?" Nikasema, "Sijaona kitu." Nikaenda kwa Mama Zaina kuomba chungu kikubwa.

"Cha nini, shemeji?"

"Cha kumutoa bwana yako."

Alinipa mara moja. Jioni kamio ilipokuwa bado na joto la jua, nikamwaga mafuta yote ndani ya chungu kile. Alfajiri ya Ijumaa nikakiweka juu ya mafiga matatu, mbali na esanse, nikakipasha moto mpaka yakawa maji. Kabla Bwana hajatoka, nikayarudisha ndani ya injini. Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani: itawaka, nitasema ilikuwa unyevu kwenye waya, Ramazani anatoka, siri inabaki siri, na jina langu linabaki zuri.

Bwana Mbio-Mbio alikuja na kikombe chake. Mulonda akashika, wakavuta mara moja. Mara moja tu! Kamio ikanguruma, magunia yakatetemeka, wakulima wakapiga makofi. Nilijaa kifua.

Bwana alikunywa kahawa, akatikisa kichwa.

"Sasa ninajua kabisa," akasema. "Ramazani iko inje, gari haiwaki. Ramazani iko ndani, gari inawaka. Polisi! Chukua barua." Alhamisi, Ramazani akiwa ndani na gari imekataa, alikuwa ameisahau.

Ndugu zangu, niliponya gari na kumuua mutu. Sikieni vizuri hapa: kazi yetu si kuwasha. Kuwasha hata mwizi anawasha. Kazi yetu ni kusema kwa nini ilikataa.

Mama Zaina alikuwa amekuja kuchukua chungu. Alikuwa amekipeleka karibu na pua. Aliniangalia.

"Shemeji," akasema polepole, "haya ni mawese. Nani anatia mawese ndani ya gari?"

Kutoka chumba cha nyuma cha magazini, katikati ya mbao, tulikuwa tunasikia Yaya Ramazani anasoma dua zake. Ijumaa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mutu aliye msikitini. Hiyo ndiyo ilinivunja, kuliko kama angelia.

Nikaenda mbele ya Bwana. "Bwana, ni mimi. Nilitia mawese ndani ya injini, Kasongo. Yanaganda na baridi. Leo nimeyapasha moto, ndiyo sababu imewaka. Ramazani hajui kitu."

Hakukasirika. Alicheka. "Jana hujasema. Leo unasema. Ninyi munafichana sikuzote."

"Ninaweza kuonyesha."

"Onyesha."

"Leo siwezi. Ina joto. Zima gari, Bwana. Ilale. Polisi alale ndani yake, mutu asiiguse, mimi mwenyewe nisikaribie. Ramazani abaki mulemule. Kesho asubuhi haitawaka. Na kesho," nikaonyesha manivela, "wewe mwenyewe utashika manivela."

Wakati ule hakuna mutu mweusi aliyemwambia muzungu: shika. Mulonda alitazama miguu yake.

Bwana alinikazia macho mpaka kahawa yake ikapoa. "Ikiwaka kesho," akasema, "munaenda wawili kwa kamba moja."

Maisha yangu yote nimeomba gari ziwake. Siku ile moja niliomba gari ikatae. Na tangu adhuhuri mawingu yakaanza kukusanyika upande wa magaribi, hewa ikawa nzito, ya joto, kama ya Kasongo. Usiku wa mawingu hauna baridi. Nilikaa inje nikiangalia juu, na Mama Zaina akaniletea bukari na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akaiweka chini, akarudi ndani. Sikula. Mara mbili nilifikiri kukimbia, njia ya Lusangi ninaijua hata nikifumba macho. Nilibaki. Sisemi kwamba nilikuwa hodari. Nilikuwa nimechoka kudanganya, na kudanganya kulikuwa kazi ngumu kuliko injini.

Upepo ulikuja baadaye, ukafagia mawingu. Jumamosi niliamka nikaona pumzi yangu mwenyewe ikitoka kinywani kama moshi. Sijawahi kupenda baridi namna ile.

Polisi alishuka ndani ya kamio anatetemeka, akasema hakuna mutu aliyeigusa. Bwana akavua koti, akampa Mulonda kikombe. Nikamwambia, "Kidole gumba, Bwana, kiwe pamoja na vingine." Alifanya hivyo. Akavuta. Kimya. Akapanga miguu upya, akavuta tena, shingo ikavimba, manivela ikasogea kidogo na kusimama. Akaendelea kuvuta kwa hasira, mara tano, sita, na hakuna hata mutu mumoja aliyecheka, ingawa Mulonda alikuwa ameuma kikombe cha Bwana kwa meno.

"Asubuhi ni jiwe," Mulonda akasema chini-chini.

Nikafungua kizibo. Nikamuita Bwana aje aone yanavyokuja kama uji. Alichovya kidole, akanusa, akapaka kwenye kiganja, akakitazama. Yakapashwa moto mbele yake, ndani ya chungu kile kile, Mama Zaina akikoroga. Yakarudi ndani. Bwana akashika tena manivela yeye mwenyewe, sikumwambia, na injini ikawaka kwa muvuto wa kwanza. Alisimama pale na chuma mukononi, ameshangaa kama mutoto.

Alichana barua. Alifungua chumba cha nyuma kwa mukono wake. Yaya Ramazani akatoka, kanzu imejaa nyuzi za pamba, akapita mbele yangu akaenda moja kwa moja kuangalia magurudumu.

Kisha Bwana akanigeukia. "Wewe, fundi. Miguu iko?"

"Iko, Bwana."

"Kasongo unapajua?"

"Ninapajua."

"Basi enda. Ukifika, utaosha kamio. Fundi hapana tena."

Nilianza kutembea. Nililipia makosa yangu, sikulia. Tena kabla sijaenda nilikuwa nimemweleza Mulonda namna ya kumwaga mafuta kila jioni na kuyapasha moto kila alfajiri, kwa sababu kamio itarudi na mimi sitakuwepo. Walifanya hivyo musimu muzima, mpaka mafuta ya kweli yalipokuja. Mama Zaina alidai chungu kipya, akapewa.

Jua lilikuwa bado halijafika katikati ya anga niliposikia injini nyuma yangu. Niliijua sauti yake. Kamio ikasimama pembeni yangu, imejaa magunia mpaka juu. Yaya Ramazani alikuwa peke yake mbele. Nilikwenda kushika mulango wa upande wa pili. Akaweka mukono juu yake.

"Bibi yangu ameniambia ni siku gani ulikuja kuomba chungu."

Nikaondoa wangu.

"Ilikuwa Alhamisi. Mimi nimetoka Jumamosi. Fundi Kinga, nilikaa siku mbili ndani ya giza kwa sababu ya jina lako."

"Kweli, Yaya."

"Sitakuacha njiani, kuna chui. Lakini hapa mbele ni pa mutu ambaye angesema Alhamisi. Panda nyuma."

Nilipanda juu ya pamba. Vumbi lilinijaa kinywani mpaka Kasongo.

Na nilipopewa kazi ya kuosha kamio na kusafiri nayo, nilipanda nyuma. Safari zote za kiangazi kile, kwenda na kurudi, nilipanda nyuma. Nilishika manivela mwenyewe kila asubuhi ya Kabambare, mbele ya Mulonda, na nilikuwa ninamuuliza yeye kwanza: leo ikoje? Alikuwa ananijibu kwa kuimba. Hakuna mutu aliyenirudishia kazi ya ufundi kwa huruma. Niliirudisha kwa mikono hii, gari baada ya gari, na kila gari niliyowasha nilisema kwa sauti ugonjwa wake ulikuwa nini na nani aliuleta, hata nilipokuwa mimi.

Siku moja mvua za kwanza zilikuwa zinaanza. Nilikuwa nimeshika ubao wa nyuma, mguu mumoja juu, tayari kupanda. Yaya Ramazani akanyosha mukono ndani, akafungua mulango wa mbele, akaendelea kuangalia njia. Nilizunguka, nikapanda, nikafunga mulango.